Mwalimu Aliyeomba Mfano

Siku hiyo ya Jumanne Mwalimu Sabra aliingia Darasa la Nne akaandika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: UWAJIBIKAJI. Watoto hamsini na wanne wakalisoma kwa pamoja, wengi wao kwa kelele tu, maana neno lilikuwa refu na saa ya uji ilikuwa imekaribia. Kilikuwa kipindi cha Maadili. Sabra alikipenda kuliko vipindi vyake vyote, na watu wa Mlali walimjua kwa hicho. Mzazi aliyeshindwa na mwanawe alikuwa akisema, "Nitakupeleka kwa Mwalimu Sabra," na mtoto anajirudi.

Akawaeleza kwamba mtu anayewajibika akikosea husema nimekosea, akivunja husema nimevunja. Kisha akataka kuwapa mfano ambao hawatausahau. Mfano ulikuwa mbele ya macho yake. Kwenye dawati la tatu, upande wa dirishani, nafasi ya Saada ilikuwa wazi kwa siku ya pili. Bibi yake Saada, Bi Asia, aligongwa na gari jioni ya Jumapili kwenye kona ya barabara itokayo Mgeta, akaachwa mtaroni na paja lililovunjika mpaka wapita njia walipomkuta. Mlali nzima ilikuwa ikilizungumza jambo hilo. Gari lenyewe halikujulikana.

"Huyo aliyemgonga bibi yake Saada akakimbia," Sabra akauliza, "anawajibika?"

"Hapanaa!"

"Ana utu?"

"Hanaa!"

Sabra akaongeza kwamba mtu wa namna hiyo hata mbwa ana afadhali, kwa kuwa mbwa akimuuma mtu huinamisha kichwa. Watoto wakacheka. Hapo ndipo alipouona mkono wa Mwanvita.

Mwanvita alikuwa binti yake wa pekee, na dawati lake ndilo hilohilo la Saada. Nyumbani alimwita mama, shuleni alimwita mwalimu, na tangu aanze darasa la kwanza hakuwahi kuchanganya. Hakuwa mtoto wa kunyoosha mkono ovyo. Sabra akampa ruhusa, akifurahi kimoyomoyo.

"Mwalimu, hakukimbia hivyo," Mwanvita alisema. "Alisimamisha gari. Alishuka akaenda kumwangalia bibi, halafu ndiyo akaondoka."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nilikuwamo ndani ya gari."

Vichwa vyote vikamgeukia. Hakuna mtoto pale asiyejua Mwanvita hupanda gari la nani. Baba yake, Twalibu, alikuwa dereva wa lori la fuso linaloshusha kabichi na karoti kutoka Nyandira kwenda Dar es Salaam, na likipita mbele ya shule lilipiga honi mara mbili kwa ajili ya binti yake. Mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini ikasikika, "Kumbe ni baba yake." Sabra akachukua dasta akafuta neno lake ubaoni, akawatoa wakanywe uji kabla kengele haijagongwa.

Njiani kurudi nyumbani hakumuuliza mtoto kitu, kwa kuwa njia za Mlali zina masikio. Walipofika alifunga mlango wa uani, akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia aseme yote. Mwanvita akasema, tena kwa mpangilio, kama Sabra mwenyewe alivyomzoesha kusimulia habari.

Jumapili alikuwa kwa bibi yake mzaa baba huko Nyandira. Jioni, kabichi zilipokwisha kupakiwa, baba alimpandisha kwenye gari ili wateremke pamoja, maana utingo alikuwa anaumwa homa. Ukungu ulikuwa umeshuka. Simu ya baba iliita, ikamponyoka ikaangukia miguuni, naye akainama kuitafuta. Kikasikika kishindo upande wa kushoto. Baba akafunga breki, akashuka, akaenda nyuma. Mwanvita alichungulia dirishani akamwona Bi Asia mtaroni, tenga lake limepinduka, na akamsikia akisema kitu. Baba alirudi, akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari. Kisha akawasha. Alimshusha hapa nyumbani, akaendelea na safari yake ya Dar. Kabla ya kuondoka alimwambia kwamba jambo hili ni lao wawili.

"Mbona hukuniambia mimi?" Sabra akauliza.

"Baba alisema ni letu wawili." Mtoto akafikiri kidogo. "Halafu darasani ukasema hana utu."

Twalibu alirudi Jumatano alasiri. Gari aliliacha uwanjani kwa tajiri wake, akaja nyumbani kwa miguu, na mkononi alikuwa na mkate na mfuko wa machungwa kama kawaida yake akitoka Dar. Sabra alimtazama usoni akajua kwamba habari zimemtangulia. Madereva wenzake walimpigia simu akiwa bado hajafika Chalinze, mmoja kwa kumtania, mwingine kwa kumwonya.

Mwanvita akatumwa dukani kununua chumvi ambayo ilikuwapo.

Twalibu hakukana. Alikaa kwenye kochi, viganja juu ya magoti, akasema kwamba alishuka kwa nia njema kabisa, akamwona mama wa watu anapumua na anasema, akataka kumbeba. Lakini akakumbuka dereva wa lori aliyepigwa mawe mwaka juzi katika barabara ileile. Watu hawaulizi nani mwenye kosa. Angekaa pale wangemuua, na mtoto yumo ndani ya gari.

"Mwanvita anasema barabara haikuwa na mtu," Sabra akasema.

Twalibu alivitazama viganja vyake. Nje mwanamke alipita akiita kuku wake. Twalibu alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mama Mwanvita, mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Leseni ikienda, mimi ni nani hapa Mlali? Unataka nikavae nguo za rangi ya machungwa nikalime gereza la Kingolwira, mtoto wangu akipita na basi wenzake wamwoneshe kidole?"

Sabra akamuuliza sasa anataka nini. Twalibu alikuwa ameshafikiri njia nzima kutoka Chalinze. Jambo lilianzia darasani, basi limalizikie darasani. Mtoto aseme aliota, au alitaka sifa, watoto ndivyo walivyo. Yeye Twalibu angemsaidia Bi Asia kimyakimya mpaka apone.

"Na wataamini?" Sabra aliuliza.

"Ukisema wewe wataamini. Hujawahi kuwadanganya."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemsifu mkewe. Sabra akainuka kwenda jikoni. Alikasirika na aliogopa, na baina ya hasira na woga hakujua lipi kubwa. Alimpenda mumewe. Miaka kumi na miwili hakuwahi kuinuliwa mkono wala kulala na njaa. Alijiambia kwamba paja la Bi Asia haliwezi kuunga upesi zaidi kwa sababu Twalibu yuko gerezani. Asubuhi, akimfunga Mwanvita vifungo vya shati la shule, alijisikia akimwelekeza mtoto maneno ya kusema, polepole, kifungo kwa kifungo. Mwanvita alisikiliza. Aliuliza swali moja tu, kama na Mungu ataambiwa hivyohivyo. Sabra akamwambia awahi kuhesabiwa namba shuleni.

Halidi, mwana wa Bi Asia, alikuja shuleni saa nne. Alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, na mikono yake ilikuwa imenawishwa kwa sabuni ya unga lakini alama za mafuta zilibaki kwenye kucha. Alimwamkia Mwalimu Mkuu, Mwalimu Abel, akakataa kiti, akaeleza kwamba hakuja kugombana. Watoto wamesema maneno, maneno yamemfikia mama yake kitandani, na yeye anaomba tu kumsikia huyo mtoto.

Mwalimu Abel alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na hakutaka polisi wala viongozi wa kijiji katika shule yake. Alimtazama Sabra. Sabra akasema mtoto aulizwe darasani, mbele ya wale aliowaambia. Wakaenda wote watatu.

Mwanvita alisimama kabla hajaitwa. Sabra alimwuliza kwa sauti yake ya kila siku kama yale aliyoyasema Jumanne ni kweli.

"Nilidanganya," mtoto akasema. "Sikuwamo kwenye gari."

Halidi akasogea, akachuchumaa mbele ya dawati ili macho yao yawe sawa. "Kwa nini ulidanganya, mama?" akamwuliza taratibu.

Swali hilo Sabra hakuwa amemwandaa nalo. Mwanvita alitazama dirishani, akatazama nafasi ya Saada, kisha akamtazama Halidi usoni.

"Mwalimu huwa anasema anayetoa mfano mzuri apigiwe makofi. Na mimi nilitaka nipigiwe makofi."

Aliusema uongo huo vizuri kabisa, na ulikuwa wake mwenyewe. Halidi aliinuka, akatikisa kichwa, akamwomba radhi Sabra kwa kumsumbua. Sabra akapokea radhi hiyo.

Mwalimu Abel hakuridhika. Alisema mbele ya watoto kwamba mwanafunzi amemzulia mtu jambo zito, na kama ataachwa kwa sababu ni mtoto wa mwalimu, wengine watajifunza nini. Akampa Sabra fimbo. Mwanvita akanyoosha mkono. Sabra alimchapa kiganjani mara mbili. Mtoto hakulia. Alisema "Asante, mwalimu," kama wanavyofundishwa, akakaa.

Juma lililofuata mambo yalitulia, au yalionekana kutulia. Twalibu aliendelea na safari zake. Bi Asia alirudishwa nyumbani kutoka hospitali ya mjini akiwa na chuma pajani. Saada alirudi shuleni, akaomba kuhamishiwa dawati la nyuma, na mtoto mwingine hakukubali kukaa pale alipotoka. Wenzake Mwanvita walimpa jina, wakamwita Makofi. Akipita, watoto wawili watatu walipiga makofi polepole, pa, pa, pa, na Sabra akiwa ofisi ya walimu aliyasikia yakivuka uwanja.

Mtoto mwenyewe hakulalamika. Aliporudi nyumbani na sketi iliyochanika alisema ameanguka. Sabra akamwuliza nani alimsukuma, akasema hakuna. Siku nyingine Sabra alikuta bakuli la udongo limevunjika na vipande vimefukiwa nyuma ya choo. Alimwita akamwuliza. Mwanvita akasema ni paka. Hawakuwa na paka. Sabra akamwonesha vipande, akamwambia aliona alama za vidole kwenye udongo, na mtoto akarudia kwamba ni paka, macho yake yakiwa yamemtulia mama yake usoni, bila kupepesa.

"Mwanvita, mbona unanidanganya?"

"Sikudanganyi, mama. Nasema tu."

Sabra alishindwa kumchapa. Alishindwa hata kumkaripia. Mwaka mzima alikuwa akiwaambia watoto wa watu kwamba uongo unaonekana machoni, na sasa alimtazama mwanawe asione kitu.

Ijumaa alisahihisha zoezi la Maadili. Swali la kwanza liliwataka waeleze maana ya uwajibikaji, la pili wataje faida tatu za kusema ukweli. Daftari la Mwanvita lilikuwa safi kuliko yote. Faida ya kwanza, unaaminiwa na watu. Faida ya pili, unakuwa na amani. Faida ya tatu, unakuwa mfano kwa wengine. Kila jibu lilikuwa sahihi, neno kwa neno kama lilivyoandikwa ubaoni. Sabra alitia vema tatu za wino mwekundu, akaandika kumi kwa kumi, kisha akaiweka kalamu mezani na hakuendelea na madaftari mengine.

Jumamosi alikwenda kumjulia hali Bi Asia. Alijiambia ni kwa sababu mwalimu yeyote angekwenda. Alibeba unga wa lishe na sukari, akavuka kijito, akapanda njia ya mihogo mpaka kwenye nyumba yenye bati jipya upande mmoja na kuukuu upande mwingine. Halidi hakuwapo. Saada alimwamkia, akachukua ndoo akaenda zake kuteka maji.

Bi Asia alikuwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni, mgongo ukiegemea gunia la mpunga. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, wa watu wa juu milimani, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za huko. Aliitikia shikamoo, akamshukuru kwa unga, akamwuliza habari za kazi na za mume, zote nzuri, zote salama. Walizungumza mvua. Walizungumza bei ya nyanya. Sabra alikuwa anajiandaa kuaga.

"Mwanao hajambo?" Bi Asia akauliza.

"Hajambo, bibi."

"Nasikia wenzake wanamcheka. Uwakataze, mwanangu. Wewe wanakusikia."

Sabra akasema watoto ni watoto, wataacha wenyewe. Bi Asia alijifunga upya kanga akitafuta namna ya kukaa isiyomuuma. Ilimchukua muda.

"Siku ile yule bwana alishuka," akasema. "Nilisikia viatu. Nikamwambia, baba, niinue. Akasimama palepale, hakunijibu. Nikasikia na sauti ya mtoto analia ndani ya gari. Mtoto wa kike. Nikasema pengine ni kichwa changu tu, si nilianguka."

Hata hakumtazama Sabra, alikuwa anaangalia mguu wake. Sabra akausogeza mfuko wa unga kando. Akauliza kama amemwambia Halidi habari za mtoto huyo.

"Sijamwambia. Nikimwambia atakwenda kumsumbua tena yule mdogo. Ameshachapwa mara moja kwa ajili yangu."

Sabra aliaga. Alipofika kijitoni aliketi juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Jumanne akalia, kwa sauti, mpaka wanawake waliokuwa wakifua chini kidogo wakanyanyua vichwa.

Kesho yake Twalibu alikuwa nyumbani. Walipomaliza chakula cha mchana Sabra alimtuma Mwanvita kwa jirani, akamwambia mumewe, bila kuzunguka, kwamba Jumatatu atasema ukweli katika darasa lilelile, na Mwalimu Mkuu atakuwapo, na Halidi naye ataitwa.

Twalibu alidhani anatishwa tu. Kisha akaona sivyo. Alimkumbusha kwamba mshahara wa mwalimu peke yake hautoshi, kwamba na yeye ataulizwa kwa nini alificha, kwamba anaweza kufukuzwa kazi. Sabra akasema hayo yote ameshayafikiri.

"Kwa hiyo unanipeleka jela kwa mkono wako."

"Sikupeleki popote. Nenda mwenyewe. Nenda leo kwa Bi Asia, nenda kituoni, nami nitakwenda pamoja nawe, nitakuwa nyuma yako hatua kwa hatua. Ila usiponitangulia, mimi nitasema."

"Kwa ajili ya watoto wa shule?"

"Kwa ajili ya mmoja. Baba Mwanvita, umemtazama siku hizi? Mimi nimemfundisha uongo asubuhi moja tu, amejua. Miaka minne nilimfundisha ukweli, na ukweli ndio aliochapiwa."

Twalibu alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo. Alisema kwamba kila usiku anamsikia yule mama akisema niinue. Sabra alidhani ndiyo mwanzo wa kukubali, akamsogelea. Lakini Twalibu alichukua koti lake akatoka, na alfajiri ya Jumatatu akaenda Nyandira kupakia mzigo bila kurudi nyumbani kuaga.

Jumatatu, kipindi cha tatu, Mwalimu Abel na Halidi walikuwa wamekaa kwenye viti nyuma ya darasa. Mwalimu Abel alikuwa ameambiwa asubuhi ofisini, akamsihi Sabra aandike barua badala ya kusema mbele ya watoto. Alimwambia kwamba katika miaka thelathini na nane ya kazi hajaona mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi, na kwamba heshima ikishuka hairudi. Sabra alimjibu kwa adabu kwamba mtoto alivunjiwa heshima mbele ya darasa, si kwa barua.

Alikuwa ameandaa maneno mengi. Alipoyaangalia macho ya wale watoto hamsini na ushee, yakamtoka yote.

"Mwanvita alisema kweli," akasema. "Gari lililomgonga bibi yake Saada lilikuwa linaendeshwa na mume wangu. Mwanvita alikuwamo. Mimi ndiye niliyemwambia aseme amedanganya. Kisha nikamchapa kwa uongo wangu mimi."

Halidi alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi vya mafuta. Sabra alitembea mpaka dawati la tatu. Akashika ukingo wa dawati.

"Mwanvita, nimekukosea. Nisamehe."

Mtoto hakumrukia shingoni. Aliangalia meza yake, akachimba mbao kwa ukucha, akasema kwa sauti ndogo, "Sawa, mwalimu." Sabra hakujua kama ni sawa ya kweli au ni sawa ya kusema tu.

Mkono ukanyooshwa nyuma. Alikuwa Saada. Sabra alifikiri atamlaani, na alikuwa tayari.

"Mwalimu, na wewe utachapwa?"

Hakuna aliyecheka. Watoto wote walikuwa wanasubiri jibu kwa haki kabisa, na Mwalimu Abel akainama kama anayetafuta kitu sakafuni.

"Sijui nitapewa adhabu gani," Sabra akajibu. "Lakini nitapewa. Na nikipewa nitawaambia."

Siku hiyohiyo polisi walikuwa kando ya barabara ya Mlali tangu saa nane, Halidi akiwa pamoja nao. Fuso liliteremka saa tisa na nusu likiwa limeshiba kabichi. Twalibu aliwaona kutoka mbali. Alisimamisha gari mwenyewe kabla hajapungiwa mkono, akaliweka pembeni, akazima injini, akashuka akawasogelea. Watu wengine walisema amejisalimisha kiungwana. Wengine walisema angefanya nini, barabara ya Mgeta ni moja. Yeye hakuwahi kueleza. Kabichi zilishinda juani siku mbili wakati tajiri akitafuta dereva mwingine.

Alikaa rumande siku tisa. Mahakamani alikiri makosa yote mawili, la kuendesha bila uangalifu na la kuondoka pasipo kutoa msaada, na hakimu alipouliza kama mwathirika ana neno, Bi Asia aliyeletwa kwa bajaji akasema anachotaka ni kutibiwa, hana haja na mtu afungwe. Twalibu alinyang'anywa leseni kwa miaka mitatu na akaamriwa kumlipia mama huyo matibabu mpaka atakapotembea. Kiwanja chao cha Kingolwira, walichokuwa wakipanga kukijenga, kiliuzwa. Sasa Twalibu alikuwa kibarua wa kupakia magari aliyokuwa akiyaendesha, na vijana waliokuwa wakimwita mwamba walimwita tu Twalibu. Kwa miezi miwili alizungumza na mkewe habari za chumvi na maji peke yake. Lakini kila Ijumaa alikwenda kwa Bi Asia, akamkatia kuni, akamchotea maji, na mara ya kwanza alipofika Halidi alimkuta uani akiwa amepiga magoti, mama akimwambia, "Inuka, baba, kuni hazijikati."

Sabra alipewa barua ya onyo kali. Aliwasomea Darasa la Nne sehemu wanayoweza kuielewa, kama alivyowaahidi. Kisha Mwalimu Abel, bila kinyongo na bila kumtazama machoni, akampokonya kipindi cha Maadili akampa Hisabati za darasa la pili. Mwalimu mwingine akachukua Maadili, akafundisha uwajibikaji upya kutoka kitabuni, na hakuomba mifano.

Jambo lililomkosesha Sabra usingizi halikuwa barua wala Hisabati. Mwanvita alikuwa mtoto mwema mno. Alikubali kila kitu. Ukimwuliza kama ameshiba, ameshiba. Ukimwuliza kama amemsamehe mama yake, alishamsamehe zamani. Ukimwuliza kama ana hasira, hana. Jina la Makofi lilikuwa limekufa, Saada alikuwa amerudi dawati la tatu kwa hiari yake, na bado mtoto alikuwa akijibu yale anayodhani yanatakiwa.

Mchana mmoja wa mwezi wa saba walikuwa wakirudi kutoka shule, jua kali, milima iko wazi mpaka juu. Sabra alibeba madaftari ya Hisabati kichwani. Aliuliza bila kufikiri, kama anavyouliza kila siku, kama leo amefurahi.

Mwanvita alisimama katikati ya njia.

"Sijafurahi," akasema. "Mama, mimi nilikuwa nakwambia sina hasira na wewe. Ninayo."

Sabra alishusha madaftari akayakumbatia kifuani. "Nyingi?"

"Nyingi. Ulinichapa na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua," Sabra akasema.

"Na bakuli nilivunja mimi. Nilivunja kusudi."

"Haya."

Mtoto alimkazia macho, akingoja kukaripiwa au kubembelezwa. Sabra hakufanya lolote kati ya hayo, maana aliogopa kuligusa jambo lile likavunjika. Alimwuliza tu kama angependa wakae chini kidogo au waendelee kutembea. Mwanvita akasema waendelee, ila hataki kushikwa mkono. Basi wakaendelea, mtoto mbele, mama nyuma, na njia nzima mpaka nyumbani Mwanvita alikuwa akihesabu kwa sauti kila alichokuwa amekikasirikia, kimoja baada ya kingine, na mama yake akiitikia kila kimoja.